Gari Linapogonga Chini: Kutafuta na Kubadilisha Spea Zilizochoka

Zima redio, shusha vioo vyote, kisha tafuta kipande cha barabara chenye rasta ukipite kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Rudi upite tena, safari hii magurudumu ya kushoto tu yakiwa juu ya rasta. Halafu ya kulia tu. Kipimo hiki hakina gharama, na ukikifanya kwa makini utakuwa umeshajua nusu ya unachohitaji kujua kabla hujafungua nati hata moja.

Mfano wangu ni Toyota IST ile ya kwanza, iliyotengenezwa hadi mwaka 2007, kwa sababu imejaa Dar es Salaam na mikoani, na kwa sababu mpangilio wake wa mbele ndio uliomo kwenye Vitz, Corolla, Premio na magari mengine mengi madogo yanayotoka Japani. Shokapu imesimama katikati ya springi. Juu imefungwa kwenye bodi kwa mauntingi yenye raba na beringi. Chini imefungwa kwa bolti mbili kubwa kwenye nakoli, yaani kile chuma kinachobeba gurudumu. Nakoli nayo, kwa chini, imeshikwa na loa amu kupitia boljointi, na loa amu imeshikwa kwenye chasisi kwa bushi za raba. Pembeni kuna linki inayounganisha shokapu na stebilaiza, na tairodi endi inayoutii usukani. Mpangilio huu unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na Ford waliuweka kwenye magari yao ya Consul na Zephyr huko Uingereza mwaka 1950. Ni mpangilio wa spea chache, na hilo ni jambo jema kwako, maana vitu vya kutiliwa shaka havizidi vidole vya mikono miwili.

Sasa sikiliza. Mlio mwepesi wa haraka haraka, ko-ko-ko, kwenye mashimo madogo na rasta, mara nyingi ni linki ya stebilaiza. Kishindo kizito kimoja unapokanyaga breki au unapoondoka, gudu, kikifuatiwa na usukani kuvuta kidogo upande, kinaelekeza kwenye bushi za loa amu. Mlio kama wa uzi wa gitaa unaoachiwa ghafla unapozungusha usukani gari likiwa limesimama ni beringi ya mauntingi. Kelele ya kusaga, nyiii, unapopanda tuta polepole ni raba iliyokauka. Shokapu iliyokufa mara nyingi haina kelele kabisa. Gari linayumba kama mtumbwi, linaendelea kunesanesa baada ya tuta kupita, linainamisha pua ukifunga breki, na tairi linaliwa kwa mabonde mabonde unayoyahisi ukipitisha kiganja juu yake.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotelea. Gari likigonga tu, mtu anaambiwa shokapu. Nami niliwahi kuambiwa hivyo, nikafunga shokapu mbili mpya za mbele, na sauti ikabaki palepale ilipokuwa. Kilichokuwa kimekufa ni linki ya kushoto, kijiti cha chuma chenye jointi ndogo kila ncha, spea ya bei ya chini kuliko karibu zote zilizoko mbele ya gari.

Usinunue kabla hujashika

Simamisha gari mahali tambarare penye sakafu ngumu, funga hendibreki, weka mawe au vigingi nyuma na mbele ya magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati za tairi kabla ya kunyanyua. Nyanyua kwa jeki, kisha lishushe gari likae juu ya stendi za chuma, mahali palipoimarishwa chini ya ubavu. Tairi ukilitoa, lilaze chini ya ubavu wa gari, liwe kinga ya mwisho kama stendi itateleza. Mtu asiingize hata bega chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Matofali nayo hayafai, hupasuka bila kutoa taarifa.

Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukipotea alipokanyaga, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, angalia boljointi. Kisha shika kushoto na kulia, tikisa tena huku mkono wa mwenzako ukiwa juu ya tairodi endi. Jointi nzima haihisiki, iliyochoka inagonga kwenye vidole.

Boljointi ina ujanja wake. Gari likining'inia, springi huweza kuificha. Ingiza mtalimbo chini ya tairi, nyanyua kwa mapigo mafupi, na macho yako yawe pale nakoli inapokutana na loa amu. Ukiona nafasi inafunguka na kujifunga, usiendeshe gari hilo kwenda mbali. Boljointi ikichomoka barabarani, gurudumu linalala na usukani haukutii tena. Katika orodha yote ya spea hizi, hiyo ndiyo isiyosubiri mwisho wa mwezi.

Bushi za loa amu zikague kwa tochi na mtalimbo. Sukuma loa amu mbele na nyuma taratibu. Mipasuko midogo juu ya raba ni uzee wa kawaida. Raba iliyoachana na chuma, au chuma cha katikati kilichohama upande, ni bushi iliyokwisha. Ile bushi kubwa ya nyuma ndiyo hufa mapema zaidi, kwa kuwa ndiyo inayopokea nguvu za breki na mashimo.

Linki ina kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi, nami nakipenda kuliko vyote. Fungua linki zote mbili, uzifunge kwa waya zisigonge chochote, kisha rudi polepole kwenye rasta zako. Sauti ikitoweka, umepata jibu, aidha ni linki au ni zile raba za stebilaiza kwenye chasisi. Usilipeleke gari kasi likiwa katika hali hiyo, maana litalala sana kwenye kona.

Shokapu iangalie kwa macho. Unyevu kidogo wenye vumbi karibu na juu si msiba. Mafuta yanayotiririka hadi kwenye kikombe cha springi ni mwisho wake. Kulikandamiza gari kwa mikono na kuhesabu linanesa mara ngapi husaidia tu kuigundua shokapu iliyokufa kabisa. Iliyodhoofika nusu hupita mtihani huo bila shida. Na usiisahau springi yenyewe. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, gari likiwa tupu. Tofauti inayoonekana ni springi iliyolegea au iliyokatika, na mara nyingi hukatika mzunguko wa chini kabisa, pale tope na maji vinapokaa. Tanga, Mombasa, Dar na Unguja, chumvi ya bahari huongeza kasi ya kutu. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, linaweza kuwa limeanza kuliwa kabla halijapanda meli.

Dukani

Nenda na namba ya chasisi na, ikiwezekana, na spea ya zamani mkononi. IST peke yake ina NCP60, NCP61 na NCP65, na hiyo ya mwisho ndiyo inayosukumwa na magurudumu yote manne. Shokapu ya mbele kushoto si ile ya kulia. Muuzaji anayekwambia zinaingiliana tu bila kutazama namba, mshukuru uende duka la pili. Gerezani kwa Dar na barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi hazina upungufu wa maduka.

Shokapu nunua mbili mbili, za mbele zote au za nyuma zote, maana shokapu mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hulifanya gari livute ukifunga breki. Linki nazo nunua mbili, ni bei rahisi. Boljointi na tairodi endi unaweza kubadilisha upande mmoja kama wa pili umeukagua na ni mzima. Majina ya Kijapani ambayo mafundi wanayaamini, kama KYB kwa shokapu na 555 kwa boljointi na tairodi, ndiyo hayo hayo yanayoigwa sana, kwa hiyo bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine yote, umeshapata jibu.

Spea za mtumba kutoka Japani zina mahali pake. Springi ya mtumba isiyo na kutu naikubali. Loa amu ya mtumba pia, mradi bushi na boljointi zake zibadilishwe. Shokapu ya mtumba siikubali, wala ile iliyotobolewa ikajazwa mafuta upya na kupakwa rangi. Hukaa wiki chache tu. Bushi iliyochongwa kwa raba ya tairi kuukuu nayo usiikubali. Bushi halisi ni raba iliyoshikamana na chuma ndani na nje, inajipinda na kurudi kama msuli. Kipande cha tairi hakikushikamana na chochote, kinasuguana, kinatafunika, na wakati huo loa amu inahama na gari linatafuna matairi yake mapya.

Kuhusu speisa, vile vipande vya kulinyanyua gari vinavyowekwa juu ya mauntingi, naelewa kwa nini watu wanavitaka. Njia zetu zina mawe. Lakini speisa nene huziweka shafti na boljointi kwenye pembe ambazo hazikutengenezewa, na haiponyi springi iliyolala. Kama gari limeshuka kwa uzee, badilisha springi.

Linki, tairodi na boljointi

Siku moja kabla ya kazi, safisha nyuzi zote kwa brashi ya waya na upulizie dawa ya kulegeza kutu. Rudia asubuhi. Linki ni kazi ya kuanzia hata kwa asiye fundi. Pini ya jointi huzunguka pamoja na nati, kwa hiyo izuie katikati kwa allen key huku ukizungusha nati kwa spana. Magurudumu yote mawili ya mbele yawe juu au yote yawe chini, la sivyo stebilaiza itakuwa imejikunja na linki mpya haitaingia bila ugomvi.

Kabla ya kuifungua tairodi endi, legeza nati ya kufungia, kisha hesabu mizunguko unapoichomoa na uiandike kwenye karatasi. Ile mpya irudishe kwa mizunguko ileile. Hutapata alaimenti kamili, lakini gari litafika kwenye mashine ya alaimenti likiwa linakwenda mbele.

Pini ya boljointi na ya tairodi imekaa kwenye tundu lenye umbo la koni, nayo haitoki kwa kuvutwa. Legeza nati lakini usiiondoe yote, kisha piga kwa nyundo ubavu wa lile tundu la nakoli, mapigo mawili matatu yenye nguvu, hadi koni iachie. Usipige ncha ya pini yenye nyuzi, na usiichane ile raba inayofunika jointi. Ukishafunga, weka pini mpya ya usalama kwenye nati iliyo na matundu. Tundu lisipokaa sawa, kaza kidogo mbele, usilegeze kurudi nyuma.

Springi iliyobanwa inaua

Kuishusha shokapu yote na springi yake si kazi ngumu. Toa bano la paipu ya breki na waya wa ABS kama upo, ufungue linki, kisha chora alama kwa rangi kuzunguka bolti mbili za nakoli, kwa sababu matundu yake yana nafasi na usimamaji wa tairi hutegemea bolti zilikaa wapi. Fungia nakoli kwa waya isianguke na kuvuta paipu ya breki au kuchomoa shafti. Mwishowe fungua nati ndogo za juu chini ya boneti, mara nyingi tatu, huku mwenzako ameshika shokapu kwa chini.

Ile nati moja ya katikati usiiguse. Ndiyo pekee inayoizuia springi isiruke. Mtu akiifungua springi ikiwa bado imekandamizwa, mauntingi na nati vitamrukia usoni kwa nguvu inayoweza kumwua. Springi hubanwa kwa vifaa maalumu viwili, vilivyowekwa pande mbili zinazotazamana, vikikazwa kwa zamu mzunguko kwa mzunguko mpaka mauntingi iwe huru kabisa na iweze kuzungushwa kwa mkono. Nimeona mafundi wakifunga springi kwa waya na minyororo, na nawaomba waache. Kama huna vifaa hivyo, beba shokapu zako nzima uzipeleke gereji yenye mashine ya kubana springi, walipe kwa kazi hiyo tu, kisha urudi umalizie mwenyewe.

Shokapu mpya isimamishe wima, uisukume na kuivuta yote mara tano au sita ili hewa itoke. Ule mti wake unaong'aa usiushike kwa pleizi. Mkwaruzo mmoja hukata sili, na mafuta yataanza kuvuja mwezi huohuo. Badilisha pia raba ya kugotea pamoja na kava la vumbi, na mauntingi kama beringi yake inakwaruza ukiizungusha. Ncha ya springi iingie kwenye ngazi yake kwenye kikombe cha chini kabla hujailegeza.

Nyuma huwa rahisi zaidi. Tazama tu kama springi imeizunguka shokapu au imekaa pembeni yake. Ikiwa pembeni, weka jeki chini ya ekseli kabla ya kufungua bolti ya shokapu, ili ekseli isidondoke na springi kuchomoka.

Bushi hukazwa gari likiwa limekaa

Kutoa bushi kuukuu na kuingiza mpya kunataka presi, na wenye presi ni wengi mjini. Kabla ya kuwapa loa amu, chora alama kuonyesha bushi imeelekea wapi, maana ile kubwa ina matundu yaliyopangwa kwa makusudi, na ikigeuzwa gari litatetemeka kwenye breki. Kulainisha tumia maji ya sabuni. Grisi na oili huvimbisha raba.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, na fundi anayelijua jambo hili ni wa kumshika. Chuma cha ndani cha bushi hakizunguki. Kikishakazwa, kinabaki kilivyo na raba ndiyo inayojipinda loa amu inapopanda na kushuka. Ukikaza bolti gurudumu likining'inia, umeikubalisha raba kwamba kuning'inia ndiyo mapumziko yake. Ukilishusha gari, raba inajikunja na kubaki imejikunja usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Haichukui muda inapasuka, na mwenye gari anasema spea za siku hizi ni feki. Kwa hiyo rudisha bolti zote mkono mkono tu. Nyanyua loa amu kwa jeki hadi gari lianze kuinuka kwenye stendi, au lishushe gari juu ya magurudumu yake mahali unapoweza kufikia bolti, litikise mara chache likae, ndipo ukaze kwa nguvu ya mwisho.

Nguvu yenyewe ipimwe. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa nyutoni mita 103, ambazo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 21 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita. Mtu wa kilo 70 anayesimama juu ya spana hiyo anakaza zaidi ya mara tatu ya kiwango. Bolti huvutika, na siku ya pancha usiku hutaweza kuifungua. Vipimo vya bolti za nakoli na loa amu viko kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako. Torki renchi ukiikosa ya kununua, iazime.

Baada ya kufunga

Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka, na hakikisha paipu zake hazikujisokota. Geuza usukani mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia ukitazama kama kuna kitu kinasugua. Kisha nenda moja kwa moja kwenye alaimenti, si wiki ijayo, maana tairi lililopinda linaweza kuisha upande mmoja ndani ya safari chache tu za mkoani. Mwombe fundi akuonyeshe vipimo vya kabla na vya baada. Ukifikisha kilomita 100, kagua tena nati za tairi na za linki.

Na siku ileile, kabla hujalipeleka gari nyumbani, rudi kwenye rasta zako za mwanzo kwa mwendo uleule, vioo chini na redio imezimwa. Kukiwa bado na sauti, usinunue kitu kingine chochote kabla hujarudi chini ya gari na tochi na mtalimbo.